Kazi mjini, makazi kijijini: kupanga maisha ya kazi Uingereza kwa kuanzia na safari ya kurudi nyumbani

Tangazo la kazi limeandikwa Cambridge. Mgeni anatazama kodi za nyumba za Cambridge, anashtuka, halafu anakuta nyumba ya vyumba viwili Littleport au March, nje kabisa ya Cambridge, kwa bei inayokaribia ile ya chumba kimoja mjini. Anasaini akiwa bado Nairobi au Mwanza. Anapoanza kazi ndipo anapogundua kwamba zamu yake inaisha saa 2 usiku, basi la mwisho la kijijini lilishapita jioni, na Jumapili hakuna basi kabisa. Fedha aliyookoa kwenye kodi inaliwa na teksi.

Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: unaanza na safari ya kurudi nyumbani siku mbaya kuliko zote, kisha ndiyo unatafuta nyumba. Mifano ni ya Fens, nchi tambarare ya mashariki mwa Uingereza kati ya Cambridge, Ely na King's Lynn, lakini hesabu ni ileile ukipangiwa kazi Lincolnshire au Devon. Saa tunazotaja ni za Kiswahili. Ratiba za treni na mabasi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 17:42 ni saa 11:42 jioni. Zoea kugeuza mapema, maana ukichoka ni rahisi sana kuisoma 20:00 kama saa 8.

Hatua ya 1: Hakikisha kazi yenyewe ni halali na inatosha viza

Kazi nyingi za kitaaluma hupitia viza ya Skilled Worker. Tangu Julai 2025 kazi lazima iwe ya kiwango cha shahada, na kwa kazi nyingi mshahara usipungue pauni 41,700 kwa mwaka au kiwango rasmi cha kazi hiyo, kile kilicho juu zaidi. Wauguzi na wataalamu wengine wa afya wana viza yao yenye masharti nafuu ya mshahara. Njia ya kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ya nchi ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wakala yeyote anayekuahidi kazi hiyo leo ukiwa Dar es Salaam au Kampala anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Mwajiri hukupa cheti cha udhamini, ambacho kwa kweli ni namba tu ya kielektroniki. Ada ya cheti hicho ni ya mwajiri, na haruhusiwi kuihamishia kwako. Ukiambiwa ulipie "sponsorship", simama hapohapo. Orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali, gov.uk; tafuta jina la kampuni herufi kwa herufi, kisha piga simu ya ofisi yao uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile uliyotumiwa kwa WhatsApp.

Gharama zako ni ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa (cheti chake hudumu miezi 6), mtihani wa Kiingereza ikiwa huna msamaha, na tozo ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza. Tozo hiyo hulipwa yote kwa mkupuo, kwa hiyo viza ya miaka 3 ni pauni 3,105 kabla hujanunua tiketi ya ndege. Wenye viza ya afya wamesamehewa. Utatakiwa pia uwe na pauni 1,270 benki kwa siku 28 mfululizo, isipokuwa mwajiri ametia alama kwenye cheti chako kwamba atakudhamini mwezi wa kwanza. Mwombe afanye hivyo. Wengi hukubali wakiulizwa.

Kadi ya ukaazi ya plastiki haitolewi tena. Hadhi yako sasa ni eVisa, rekodi iliyo ndani ya akaunti ya mtandaoni. Kabla ya kupanda ndege ingia kwenye akaunti hiyo uone kama namba ya pasipoti na tahajia ya majina yako ni sawa. Jina lililogeuzwa, la ukoo likawa la kwanza, litakusumbua uwanja wa ndege, kwa mwajiri na kwa mwenye nyumba.

Hatua ya 2: Dai anwani kamili ya kazi na ratiba halisi ya zamu

"Cambridge" peke yake haitoshi. Kampasi ya hospitali ya Addenbrooke's iko kusini mwa mji na kampuni nyingi za teknolojia ziko Science Park, kaskazini. Anayetoka Ely kwenda Science Park anashuka Cambridge North, steshini iliyofunguliwa 2017. Anayekwenda hospitali hupita hapo na kuendelea, na akishukia steshini kuu ya Cambridge atahitaji basi la barabara maalumu linalokwenda hadi hospitali. Steshini nyingine, Cambridge South, imejengwa jirani kabisa na kampasi ya hospitali. Tazama kwenye ratiba kama treni yako inasimama hapo. Ukichanganya pande hizi mbili unajiongezea nusu saa kila upande, kila siku ya kazi.

Mwandikie mwajiri maswali haya kwa barua pepe, ili majibu yabaki kwenye maandishi: postikodi ya jengo nitakaloripoti ni ipi? Je, nitatumwa vituo vingine? Zamu ya mapema zaidi inaanza saa ngapi, na ya mwisho inaisha saa ngapi? Wikendi ni ngapi kwa mwezi? Kazi inahitaji gari? Swali la gari ndilo linalosahaulika. Mikataba mingi ya kazi za vijijini ina mstari mdogo unaotaka leseni ya Uingereza, na wewe huwezi kuwa nayo wiki ya kwanza.

Hatua ya 3: Chora safari mbaya kuliko zote

Chukua karatasi. Andika zamu tatu: ya mapema zaidi, ya usiku zaidi, na ya Jumapili. Kwa kila moja, anza na dakika ya kutoka kazini na urudi nyuma hadi mlangoni. Mfano ni muuguzi wa zamu ndefu, saa 1:30 asubuhi hadi saa 2 usiku, anayefikiria kuishi Littleport. Makabidhiano yanaisha, anabadilisha nguo, ni saa 2:15. Basi hadi steshini, pamoja na kulisubiri, dakika 20. Treni hadi Littleport haifiki nusu saa, lakini usiku treni zimeachana, na akiikosa moja anakaa steshini hadi inayofuata. Kutoka steshini ya Littleport hadi nyumbani ni mguu. Kwa hiyo anafika baada ya saa 3 usiku, na kesho saa 11 alfajiri anaamka. Zamu moja hivyo inabebeka. Tatu mfululizo humaliza mtu.

Sasa jaribu Jumapili. Kwenye njia nyingi za vijijini treni ya kwanza ya Jumapili huanza baada ya saa 2 asubuhi. Zamu ya saa 1:30 haifikiki kwa treni, hata ukilala steshini. Tarehe 25 Desemba hakuna treni nchi nzima, na tarehe 26 karibu hakuna. Kazi za ukarabati wa reli pia hupangwa Jumapili na sikukuu, na siku hizo treni hubadilishwa kuwa basi linalochukua karibu mara mbili ya muda. Kama zamu zako zina Jumapili, unahitaji njia ya pili: mwenzako mwenye gari anayepita karibu nawe, baiskeli, au nyumba iliyo karibu zaidi na kazi.

Njia ya Ely hadi King's Lynn ina ugonjwa wake unaofaa kuujua. Kati ya Littleport na Downham Market, na tena kati ya Watlington na King's Lynn, kuna reli moja tu. Treni zinazokwenda na zinazorudi hupokezana kwenye reli hiyohiyo, kwa hiyo moja ikichelewa, ya upande wa pili inasimama kuisubiri, na kuchelewa kwa asubuhi kunatambaa hadi mchana. Anayeishi Ely yuko kabla ya vipande hivyo, tena Ely ni makutano yanayopokea treni za pande kadhaa. Kodi ya Ely iko juu kuliko ya Littleport, kituo kimoja tu mbele. Kwa mtu asiye na gari, tunaona tofauti hiyo inastahili kulipwa.

Mabasi ni nafuu zaidi. Nauli ya safari moja kwenye mabasi mengi ya Uingereza imewekewa kikomo cha pauni 3 tangu Januari 2025. Kwenda na kurudi siku 20 kwa mwezi ni pauni 120. Shida haiko kwenye bei, iko kwenye jedwali. Tafuta herufi ndogo zilizo juu ya safu za ratiba: kuna safari za siku za shule tu, na hizo hupotea shule zikifungwa Agosti. Ukiwa kituoni nyoosha mkono basi linapokuja. Dereva wa kijijini hasimami kwa sababu tu amekuona umesimama.

Hatua ya 4: Nyumba

Usisaini nyumba ya kijijini ukiwa bado nyumbani Afrika. Panga chumba cha wiki 2 hadi 4 karibu na kazi, hata kama ni ghali, na utumie siku za mapumziko kutembea vijiji unavyovifikiria. Matapeli wa nyumba hutegemea mtu asiyeweza kufika kutazama. Asiyekuonyesha mlango kwa ndani asipate hata pauni moja.

Sheria iko upande wako kuliko wageni wengi wanavyojua. Fedha ya kushikilia nyumba haizidi kodi ya wiki moja. Dipoziti haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba ya kawaida, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko wa ulinzi uliosajiliwa ndani ya siku 30 na kukupa karatasi zake. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba binafsi haruhusiwi kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele. Zamani mgeni asiye na historia ya mikopo alidaiwa miezi 6 kwa mkupuo. Wengi sasa watakuomba mdhamini anayeishi Uingereza badala yake. Muulize mwajiri kama anatoa barua ya udhamini kwa wafanyakazi wapya. Kwa sheria hiyohiyo mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi 2.

Utatakiwa kuthibitisha haki yako ya kupanga. Namba ya uthibitisho unaitoa kwenye akaunti ya eVisa: ya nyumba huanza na herufi R, ya kazi huanza na W, na kila moja hudumu siku 90. Kumpa mwenye nyumba namba ya W ni kosa la kila siku, na huchelewesha mambo bila sababu.

Ukiwa ndani ya nyumba, uliza kwanza inapashwa joto na nini. Vijiji vingi havina bomba la gesi. Nyuma ya nyumba utaona tangi la plastiki la kijani, limejaa mafuta ya taa, mafuta yaleyale tunayowashia jiko la utambi, isipokuwa hapa yanalisha boila, mtambo unaochemsha maji na kupasha nyumba joto. Mambo manne kuhusu tangi hilo:

Kwanza, piga picha ya geji siku unayopokea funguo, na mkubaliane kwa maandishi ni lita ngapi umezikuta na ngapi utaziacha.

Pili, wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa mara moja. Hiyo ni bili nzito ya siku moja, kwa hiyo weka akiba kila mwezi tangu kiangazi. Vijiji vingi vina kikundi cha kununua kwa pamoja kinachopata bei nzuri. Ulizia dukani au kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.

Tatu, agiza likiwa bado na robo. Barafu ikianza kila mtu anaagiza, na lori linaweza kuchukua wiki mbili au zaidi.

Nne, usiliache liishe kabisa. Chini ya tangi kuna matope na maji; yakivutwa huziba chujio, na hewa inaingia kwenye bomba. Hata ukijaza mafuta mapya boila haliwaki mpaka fundi aje kutoa hewa hiyo, na fundi wa Januari hapatikani kesho.

Angalia pia cheti cha matumizi ya nishati. Nyumba ya kupangisha kwa kawaida haitakiwi kuwa chini ya daraja E, na nyumba kongwe ya kijijini ya daraja E ni baridi kweli. Papasa ukuta wa nje ulio nyuma ya kabati la nguo. Ukiwa na unyevu au madoa meusi, hiyo ni ukungu, na utakuwa mbaya zaidi ukianza kuanika nguo ndani. Nguo zinazokauka sebuleni huachia maji yote hewani, na maji hayo hutua kwenye ukuta ulio baridi kuliko mingine. Fungua dirisha dakika 10 asubuhi hata kama ni baridi, na kabati lisigusane na ukuta.

Mambo mengine ya kuuliza: maji machafu yanakwenda kwenye bomba la mji au kwenye shimo, na nani analipia kulinyonya? Kodi ya halmashauri ni daraja gani, kuanzia A hadi H? Ukiishi peke yako una punguzo la asilimia 25, ila lazima uliombe. Simu inashika? Simama jikoni upige. Kama haishiki, hakikisha intaneti ya nyumba ina nguvu na simu yako inaweza kupiga kupitia Wi-Fi, la sivyo hospitali ikikuita zamu ya dharura hutapatikana.

Hatua ya 5: Tiketi za treni

Mwezi wa kwanza nunua tiketi za wiki, usinunue ya mwaka. Bado hujui zamu zako na huenda ukahama. Ukishatulia, hesabu siku unazokwenda kweli. Siku 4 hadi 5 kwa wiki, tiketi ya msimu inalipa. Ya mwaka bei yake ni kama ya wiki 40, kwa hiyo wiki 12 ni kama za bure. Lakini hesabu hiyohiyo inakuumiza ukiirudisha mapema: marejesho hayagawanywi kwa miezi iliyobaki, na baada ya miezi 10 na ushei hurudishiwi kitu. Siku 2 au 3 kwa wiki, iko Flexi Season: siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28. Waajiri wengi wakubwa hukopesha bei ya tiketi ya mwaka bila riba na kukata kwenye mshahara kila mwezi. Uliza ofisi ya rasilimali watu.

Kadi za punguzo za vijana, ya miaka 16 hadi 25 na ya 26 hadi 30, hupunguza theluthi moja ya nauli, lakini asubuhi za Jumatatu hadi Ijumaa kati ya 04:30 na 10:00 nauli baada ya punguzo haiwezi kushuka chini ya pauni 12. Safari fupi ya kazini haifaidiki nazo, na hazitumiki kununua tiketi ya msimu. Zinafaa kwa safari za wikendi kwenda London kuwaona ndugu.

Tiketi ya bei nafuu isiyo ya saa za msongamano haikubaliki kwenye treni za asubuhi za kwenda kazini. Ukikutwa nayo utalipa tofauti ya nauli. Ukikutwa bila tiketi, faini ni pauni 100 juu ya nauli, na hupunguzwa hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Simu iliyozima ni sawa na kutokuwa na tiketi. Baada ya zamu ya saa 12 chaji huwa imeisha, basi beba betri ya akiba, au tumia tiketi ya kadi.

Treni ikikuchelewesha dakika 15 au zaidi, dai fidia kupitia Delay Repay ndani ya siku 28. Kwa tiketi ya safari moja, dakika 15 hadi 29 ni robo ya nauli, 30 hadi 59 ni nusu, na kuanzia 60 ni nauli yote. Wenye tiketi ya msimu pia hudai, kwa mgawo wa siku. Hakuna atakayekuletea fedha hiyo, lakini kwenye reli ile moja ya Fens inajumlika ikawa ya kutosha nauli ya wiki. Na treni ya mwisho ikifutwa usiku, usiite teksi kwa fedha yako mara moja: bonyeza kitufe cha msaada kwenye jukwaa, mweleze anayejibu uko steshini gani, maana kampuni ya treni inawajibika kukufikisha pale inapowezekana.

Hatua ya 6: Leseni, kabla miezi 12 haijaisha

Leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi Uingereza. Haibadilishwi kuwa ya Uingereza. Lazima ufanye mtihani upya. Aliyefanyia mtihani wake Falme za Kiarabu anaweza kubadilisha leseni ya huko, lakini mwenye leseni ya Oman hawezi.

Wageni wengi hukwama hapa. Mtu anaendesha kwa raha miezi 9, kisha anakumbuka mtihani, na anakuta foleni ya mtihani wa barabarani ni ya miezi kadhaa. Mwezi wa 13 leseni yake ya nyumbani haina nguvu tena, gari liko uani, na kazi iko maili 15. Kwa hiyo mwezi wa kwanza omba leseni ya kujifunzia, pauni 34 mtandaoni. Mwezi wa pili fanya mtihani wa nadharia, pauni 23: maswali 50, ufaulu 43, pamoja na video za kutambua hatari ambako unahitaji alama 44 kati ya 75. Ukifaulu tu, siku hiyohiyo weka nafasi ya mtihani wa barabarani, pauni 62 siku za kazi, hata kama tarehe iko mbali.

Hata kama umeendesha daladala miaka 10, chukua masomo machache. Wazoefu hufelishwa na mambo madogo: kutotazama kioo kabla ya kubadili kasi, kutogeuza shingo kutazama pembe isiyoonekana, na kuingia kwenye mzunguko, ule tunaouita kiplefti, bila kumpisha anayetoka kulia. Ukifanyia mtihani kwenye gari la otomatiki, leseni yako itakuwa ya otomatiki tu.

Bima ulizia bei kabla ya kununua gari, na kabla ya kuchagua kijiji. Mwenye leseni ya nje hutozwa zaidi sana mwaka wa kwanza, na inawezekana bima ikakaribia bei ya gari kuukuu. Soma aina ya matumizi: bima ya shughuli za kijamii pekee haikulindi ukienda kazini. Ongeza safari za kazini, na kama kazi inakutoa nyumba moja hadi nyingine kwa wagonjwa, ongeza matumizi ya biashara. Kukatia bima kwa jina la rafiki mwenye leseni ya zamani huku mwendeshaji ni wewe ni udanganyifu, na siku ya ajali hulipwi.

Kabla ya kununua, andika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali uone historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka. Utasoma kutu na matairi yaliyokataliwa mwaka hadi mwaka. Kodi ya barabara haihamii kwa mnunuzi. Ilipe kabla ya kuliondoa gari.

Hatua ya 7: Barabara za kijijini, Oktoba hadi Machi

Mwisho wa Oktoba saa hurudishwa nyuma, na katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni. Utakwenda gizani na kurudi gizani, kwenye barabara zisizo na taa. Anayetembea avae koti la kung'aa, ashike tochi, na pasipo na njia ya miguu apite upande wa kulia, akitazamana na magari. Baiskeli ni lazima iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Alama ya duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari humaanisha kikomo cha maili 60 kwa saa kwenye barabara ya kawaida. Hiyo haisemi kwamba barabara inafaa kwa 60. Barabara za Fens zimejengwa juu ya udongo wa mboji unaonywea ukikauka, kwa hiyo zina mawimbi yanayoweza kulirusha gari, na pembeni kuna mfereji wa maji mrefu usio na ukingo. Ukiendesha 40 usiku hutakuwa umekosea.

Barabara ya A1101 pale Welney hufurika karibu kila majira ya baridi na kufungwa, pengine wiki nyingi, kwa kuwa bonde lile ndilo limetengwa kupokea maji ya mto. Ukiishi upande wa pili wa bonde, mzunguko ni mrefu. Kabla ya kusaini nyumba ya Welney, endesha njia ya kuzunguka na uipime kwa saa. Usijaribu kuvuka maji, hata kama gari la mbele yako limepita.

Asubuhi ya barafu jipe dakika 15 zaidi. Kwangua vioo vyote. Kitundu cha kuchungulia hakitoshi na ni kosa. Usimwage maji ya moto, kioo hupasuka kwa kutanuka ghafla. Kina cha mifereji ya matairi kisipungue milimita 1.6, na kwa barabara hizi tunashauri ubadilishe yakifika 3. Ukikuta mtu juu ya farasi, punguza hadi maili 10 kwa saa na umpishe kwa mita 2 au zaidi.

Hatua ya 8: Karatasi za wiki mbili za kwanza

Namba ya bima ya taifa huombwa mtandaoni bila malipo, na unaweza kuanza kazi kabla haijafika. Jisajili kwa daktari wa familia mara tu unapopata anwani, hutakiwi kulipa. Benki za kwenye simu hufungua akaunti haraka kuliko zile zinazodai bili ya umeme. Kwenye hati ya mshahara wa kwanza tazama namba ya kodi: 1257L ni ya kawaida, lakini ikifuatwa na M1, au ikiwa BR au 0T, huenda unakatwa zaidi kwa muda. Ingia kwenye akaunti yako ya kodi urekebishe. Na kila unapohama nyumba, sasisha anwani kwenye akaunti ya eVisa na umjulishe mwajiri, kwa sababu yeye ndiye anayetoa taarifa zako kwa idara ya uhamiaji.

Kabla ya kalamu kugusa mkataba wa nyumba, fanya safari yote mara mbili ukiwa bado kwenye chumba cha muda: mara moja Jumatatu asubuhi kwa saa ya zamu, na mara moja usiku, kutoka mlango wa kazini hadi mlango wa nyumba hiyo. Andika dakika za kila kipande. Ikizidi saa moja na nusu upande mmoja, mwambie wakala huichukui.